Waliniua kwa Ajili ya Fidla

Siku niliyoambiwa kwamba nimekufa, nilikuwa na kilo ya nyama mkononi. Nilikuwa nimetoka Mandera na lori la saruji, vumbi hadi masikioni, na nilipokata kona ya kuingia kwetu Mbotela nikaona hema limefungwa mbele ya mlango wangu. Viti vya plastiki vya kanisa vilikuwa vimepangwa. Wanawake wa mtaa walikuwa wakikaanga mandazi. Nikajiuliza nani tena ametuacha, nikavua kofia.

Aliyeniona kwanza ni Batulo, mwenye duka la nguo pale kwenye kona. Birika la chai lilimponyoka.

"Baba Mbinya," akasema, "si wewe umekufa?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka Kamene, mke wangu, alipotoka ndani amejifunga leso kichwani, macho yamevimba, sauti imemkauka. Alinitazama. Kisha akanijia akanipiga ngumi za kifua, moja juu ya nyingine, mpaka wenzake wakamshika. Hapo kicheko kiliniisha.

Nilipewa kiti katika matanga yangu mwenyewe nikaelezwa. Mzee Nzuki, ambaye huongoza kamati za mazishi za watu wa Kitui hapo mtaani, alikuwa keshaanza kazi. Walikuwa wamebishana ni gari gani litabeba mwili hadi kwetu Mwingi. Nikauliza mwili wenyewe walikuwa wameupata wapi. Mzee Nzuki akasema, bila hata kupepesa macho, kwamba hilo walikuwa wamemtuma mtu akaliulizie Garissa.

Siwalaumu. Kwetu mtu akisikia msiba haulizi, anabeba sukari anakuja. Maswali yanafuata baada ya chai. Simu yangu ilikosa mtandao tangu niipite Wajir nikienda, na nikirudi ikaishiwa chaji njiani. Na habari haikuletwa na mlevi. Ililetwa na binti yangu.

Mbinya ana miaka kumi na sita na anacheza fidla. Alifundishwa Kaloleni, mtaa jirani, na shirika liitwalo Mlio Mwema, linalofunza watoto wa mitaa yetu muziki bila malipo, na kwa miaka mingi niliwaombea dua watu wale. Nikiwa nyumbani nilizima redio ili nimsikie akifanya mazoezi. Hata alipokuwa bado anaikwaruza ile fidla mpaka majirani wanagonga ukuta, nilikuwa nikiwaambia wavumilie.

Batulo akanionyesha video ambayo mtaa mzima ulikuwa umeshatumiana. Mbinya amesimama kando ya reli, amevaa sweta iliyotoboka kiwiko. Kamene ni fundi wa nguo. Nyumbani kwetu hakuna sweta iliyotoboka. Machozi yanamtiririka mtoto. "Baba yangu alikuwa dereva," anasema. "Alikufa kwenye ajali. Sasa fidla ndiyo baba yangu."

Mwenyewe hakuwepo wa kuulizwa. Mlio Mwema walikuwa wamewapeleka watoto kwenye kambi ya mazoezi huko Limuru na kuwanyang'anya simu, eti wasisumbuliwe. Kwa hiyo mke wangu alilia siku nzima na usiku kucha kwa sababu ya sweta ya kuazima.

Kesho yake nilikuwa ofisini kwa mkurugenzi wao, Bwana Mbugua, kabla hajamaliza chai yake. Hakushtuka. Alinikaribisha vizuri, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

"Mzee wangu, pole kwa usumbufu," akasema. "Lakini ile ni story tu. Ni ya watoto wote wa Eastlands, si yako pekee."

"Aliyekufa ndani yake ni mimi pekee."

"Sikiliza. Mfadhili akiona mtoto ana baba, ana mama, amekula, anapita tu. Hamwoni. Sisi tunamsaidia amwone."

"Kwa hivyo nife ndio binti yangu aonekane?"

"Si kufa, mzee. Ni vile tunapresent."

Nikamwambia aiondoe na aseme hadharani kwamba ni uongo. Hapo tabasamu likamtoweka usoni. Akanieleza kwamba wageni wa ng'ambo walikuwa wanakuja Jumamosi, kwamba walikuwa wamemchagua Mbinya akasome muziki chuoni kwa gharama yao, na kwamba waliichagua ile video kwanza ndipo wakamchagua mtoto. Fidla nayo ni mali ya shirika. Nikifungua mdomo, vyote viwili vinaondoka.

"Kaa tu nyumbani hiyo Jumamosi," akasema. "Fanya hivyo kwa ajili yake."

Nilikuwa nimekuja kugombana na mwizi, nikakuta mtu anayeamini kabisa kwamba ananifadhili.

Mbinya alirudi Ijumaa. Alimkuta mama yake anarudisha sukari ya watu nyumba kwa nyumba, maana sukari ya matanga huwezi kuinywa na marehemu akiwa mezani. Alikuwa hajui lolote kuhusu hema. Alipoambiwa akakaa chini kwenye sakafu.

"Daddy, walisema ni acting tu," akasema. "Walisema itaonwa na watu wa majuu peke yao. Nikakataa kulia, wakarudia, wakarudia, mpaka nikafikiria ukifa ukweli. Ndio nikalia."

"Ukanifikiria nikiwa barabarani?"

"Ukiwa Garissa. Lori imepinduka."

Nilitoka nje nikazunguka mtaa ili nisimseme vibaya. Niliporudi nikamwambia nitakuja Jumamosi, nitasimama mlangoni, na sitafungua mdomo. Chuo ni chake na maisha ni yake. "Lakini kama nitakufa tena," nikamwambia, "nitakufa nikikuangalia."

Kamene akasema hiyo si namna ya kusema na mtoto. Huenda ni kweli.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Wageni waliketi mbele kwenye viti vyenye vitambaa. Wazazi, waliozaa hao watoto na kuwafulia nguo, walifungiwa nyuma kwa kamba. Nikasimama mlangoni na shati langu la kazi. Batulo na Mzee Nzuki walikuwa wamekuja pia. Walisema kwa vile walinililia bure wana haki ya kuniona.

Mbinya alicheza. Sitajaribu kueleza alivyocheza, nitaharibu. Alipomaliza Mbugua akampa maikrofoni asimulie maisha yake. Watoto wote walikuwa wameagizwa waongee Kiswahili, ingawa Kiingereza wamekisoma tangu chekechea, na Mbugua ndiye awatafsirie wageni. Wageni wanapenda hivyo, alisema.

Mbinya akanitafuta kwa macho mpaka akanipata.

"Baba yangu hajakufa," akasema. "Anaitwa Muthama. Ni dereva wa lori. Amesimama pale mlangoni, na mimi nilidanganya."

Nyuma ya kamba watu wakaanza kunong'ona. Mbugua hakubadilika uso hata kidogo. Akawageukia wageni akawaambia kwa Kiingereza kwamba binti huyu anasema baba yake hajafa moyoni mwake, na kwamba anahisi amesimama nasi humu ukumbini.

Mama mmoja mzungu akafuta machozi. Wakaanza kupiga makofi.

Nimeona uongo mwingi barabarani, na wa polisi wa vizuizi nimeuzoea. Huo wa siku ile sijawahi kuona mfano wake. Niliikanyaga kamba yao nikaanza kwenda mbele, na naapa ningemfikia. Lakini Mbinya alikuwa bado ameishika ile maikrofoni. Akayarudia maneno yake yote kwa Kiingereza, polepole, neno baada ya neno, na mwisho akaongeza kwamba Bwana Mbugua hakutafsiri alichosema.

Makofi yakakatika. Mgeni mmoja akamwuliza mwenzake swali kwa sauti ya chini. Mbugua akamnyooshea Mbinya mkono, si kwa salamu. Mtoto akaifuta fidla kwa kitambaa chake, akazilegeza nyuzi za upinde walivyomfundisha, akampa.

Chuo hakuna tena. Wageni walisema watalichunguza jambo, wakapanda ndege.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kupitia Jogoo Road, yeye mikono mitupu, mimi natazama mbele.

"Daddy, umenikasirikia?" akauliza.

"Sana," nikamwambia.

"Mpaka lini?"

"Sijui. Nitakwambia hasira zikiisha."

Akatikisa kichwa kukubali, akanishika mkono, na nikauacha palepale.