Alama Nyekundu Juu ya Lweba

Kidole cha yule bwana kilitua juu ya alama nyekundu kwenye kioo cha kompyuta, milimani juu ya Lweba, kikatulia hapo. Alikuwa ameingia kuchaji simu tu, kama waingiavyo watu wote wa Baraka katika duka la Ketsia, akaiona ramani, akaomba aelezwe.

Na Ketsia, jamani, akaeleza! Hilo ndilo lililomuuma baadaye: hakuna aliyemtisha, hakuna aliyemkaba koo. Jumatatu angetetea tasnifu yake ya uzamili katika mifumo ya habari za biashara, mbele ya maprofesa wa Bukavu kwa njia ya video, na wiki nzima alikuwa akijizoeza majibu hata akiosha vyombo. Ukimuuliza swali zuri, jibu lilimtoka lenyewe. Alieleza kwamba wafugaji wa mlimani wakifika penye mtandao hubonyeza simu, na alama hutokea mahali watakapowangojea wanunuzi kutoka ziwani. Alieleza kwamba mfumo wake hautunzi mambo ya leo tu, bali hutunza kila mahali walipowahi kukutana, pamoja na majina na namba za simu.

"Na hawa ba leo, ni batu ba Sebineza?" bwana yule akauliza.

"Ndiyo. Batangoja pale mpaka bauzishe."

"Uko na akili, dada. Nitarudi na benzangu, utuonyeshe vizuri."

Akachomoa simu yake, akashukuru, akatoka. Ketsia alibaki akitabasamu peke yake mpaka akili ilipomrudia. Ramani ile haikuonyesha majina. Yeye mwenyewe hakuwa amemtaja Sebineza. Bwana yule alikuja na jina hilo mfukoni, na kilichompungukia kilikuwa mahali tu.

Akakaa.

Shangazi yake Godelieve alikuwa akinunua ng'ombe wa Sebineza, mfugaji wa mlimani, tangu kabla Ketsia hajazaliwa, katika vita vilivyowafanya watu wa mlimani na wa ziwani wasisalimiane. Kila mara walikutana mahali papya, na habari ya mahali hapo ilipita midomoni mwa watu wachache. "Mambo ya mulima tunasemaka na mudomo," shangazi alimwambia alipoanza kuunda mfumo wake. Ketsia alicheka. Katika tasnifu aliandika kwamba njia hiyo ni udhaifu, kwamba habari huchelewa na watu huzunguka vichakani bure, na profesa akamsifu. Hakujiuliza hata siku moja kwa nini watu wenye akili zao wakubali kuzunguka. Walikuwa wakizunguka wasionekane na wenye bunduki. Shangazi alikubali hatimaye, si kwa kushawishika, bali kwa sababu mtoto ni wake, na asubuhi hiyo alikuwa amepanda na wenzake kuifuata alama.

Akampigia. Hapatikani. Akampigia Sebineza. Hapatikani. Huko mtandao ulishika mgongoni mwa mlima tu. Bondeni, penye alama, hapakuwa na kitu. Basi akaandika ujumbe kupitia mfumo, akautuma kwa wote: "Rudini. Msifike kwenye alama." Kando ya kila jina ingetokea vema ya kijani ujumbe ukipokelewa. Akakodoa macho. Ikatokea vema moja, ya mnunuzi wa Nundu aliyekuwa amelala nyumbani na malaria. Wengine, kimya.

Pikipiki zikasimama ng'ambo ya barabara. Yule bwana akashuka, na wengine wawili pamoja naye. Hawakuwa na haraka. Walisimama kununua ndizi, wakacheka na muuzaji.

Ketsia alijua wakimlazimisha angewafungulia mfumo. Alijijua, hakuwa jasiri. Na humo ndani mlikuwa na kila njia, kila jina, kila familia. Ujumbe ulikwisha kumtoka mikononi, uko kwa kampuni ya simu, na kuufuta mfumo kusingeuzuia. Kungemzuia yeye tu kujua kama umefika. Akatazama majina yale mara nyingine. Jina la shangazi halikuwa na vema. Akafuta. Akafuta na nakala iliyokuwa chuoni, akilikosea neno la siri mara mbili, na kompyuta ilipouliza kama ana hakika, akabonyeza huku machozi yakimtoka, maana Jumatatu yake ilikuwa imekwenda na maji.

Wakaingia, wakasalimia kwa adabu. Akawafungulia ramani: ziwa, milima, basi.

"Mtandao umekatika," akasema.

Bwana yule aliitazama ramani, kisha akamtazama yeye. Akamwashiria mwenzake mmoja, naye akaenda kufunga mlango. Ketsia aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na aliona aibu kwamba waliuona woga wake.

Ndipo simu ikalia mezani. Kwenye kioo: Shangazi Godelieve.

Furaha ilimpanda mpaka kooni. Anayepiga amesimama penye mtandao, mgongoni mwa mlima, mbali na alama! Kisha furaha ikazimika, kwa kuwa simu haisemi imeshikwa na mkono wa nani.

"Pokea," bwana yule akasema. "Weka sauti, tusikie bote."

Akapokea. Ulisikika upepo, na ng'ombe akilia mbali, na mtu akihema kama aliyepanda mlima kwa haraka.

"Shangazi," Ketsia akasema, "niko na wageni."

Simu ikakatwa papo hapo.

Mtu mwingine angeuliza ni wageni gani; shangazi tu ndiye angeelewa bila kuuliza. Ketsia akashusha pumzi, akakunja mikono mapajani, na yule bwana akavuta kiti, akakaa karibu naye.