Komeo la Chumba cha Watoto

Fundi wa alumini alipokuja kupima madirisha, swali langu la kwanza halikuwa la rangi wala la vioo. Nilimuuliza kama mimi, na makalio haya niliyojaliwa, ningeweza kupita dirishani. Alidhani namtania. Akacheka, akanitazama usoni, akaacha kucheka, akachukua futi yake akaendelea na kazi.

Kila dirisha alilipima mara tatu, juu, katikati na chini, kisha akaandika kipimo kilichokuwa kidogo kuliko vyote, kwa sababu, alisema, hakuna ukuta ulionyooka duniani. Nilimpenda kwa hilo. Alipofika chumba cha watoto alisita mlangoni. Kuta zilikuwa bado nyeusi kuanzia usawa wa kiuno kwenda juu, na harufu haikuwa imetoka ingawa tulisugua mpaka mikono ikachubuka. Dirisha lenyewe lilikuwa uwazi tu. Fremu ya mbao iliteketea yote, vioo vilipasuka, nondo zikabaki zimesimama vilevile.

Nondo zile ni kazi ya mume wangu. Ni fundi wa kuchomelea, na mtaani kwetu hakuna geti la maana ambalo halikupita mikononi mwake. Tulipojenga nyumba hii alizichomelea mwenyewe nondo za madirisha yote, akazifukia ncha zake ndani ya ukuta, akajigamba kwamba mwizi atakayetaka kuzing'oa itabidi aondoke na nyumba nzima. Wageni walikuwa wakipewa chai na kuonyeshwa nondo.

Moto ulianzia sebuleni, kwenye waya wa jokofu, jioni moja nilipotoka nyuma kuanua nguo. Mtoto wetu wa mwisho alikuwa amelala ndani. Tulimwita Babu kwa kuwa alirithi jina la baba mkwe wangu, na kwa kuwa alikuwa na maneno ya kizee ingawa hajatimiza miaka mitano. Nilipoona moshi, mlango ulikuwa umeshawaka wote. Nilizunguka nikamkuta dirishani, nikamshika mkono kati ya nondo. Majirani walifunga kamba kwenye nondo wakaivuta kwa gari la mizigo. Kamba ikakatika. Wakaleta mnyororo, matairi yakazunguka palepale mpaka ukuta ukaingia ufa, na hakuna hata nondo moja iliyoachia. Mume wangu alifika mbio kutoka karakana akaikuta kazi yake imeshikilia. Mimi walinitoa pale kwa nguvu.

Baada ya mazishi sikuwa na maneno naye. Sikumtukana, sikumlilia. Nilikuwa naweka chakula mezani naondoka. Binti yetu mkubwa, ambaye sote tulizoea kumwita Dada kwa kuwa mdogo wake alimwita hivyo, siku ile alikuwa kwa mama yake mkubwa, na nilimwacha hukohuko. Nikamwambia mume wangu jambo moja tu. Dada hatalala tena humu ndani mpaka kila dirisha liwe linafunguka kwa mkono wake mwenyewe, na kama hilo halitawezekana nitamfuata aliko, yeye abaki na nyumba yake na nondo zake. Hakubisha. Akaniuliza nataka madirisha ya namna gani.

Ndivyo tulivyoanza kuongea tena, kama kule ni kuongea. Fundi wa alumini alitushauri tuweke ya kusukuma, ndiyo yanayowekwa na kila mtu siku hizi. Nilienda kwake nikalisukuma moja, nikaona jambo ambalo huwezi kuliona kama hulitafuti. Dirisha la kusukuma hufunguka nusu tu, nusu nyingine hubaki kioo. Nikakataa. Nikasema nataka la bawaba, lifunguke lote, lifungukie nje. Akasema upepo utalipigapiga. Nikasema na ulipigepige.

Nondo ndizo zilizotutoa jasho. Mimi nilitaka zisiwepo kabisa. Mume wangu akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mtaa huu bila nondo hatumalizi mwezi, na hapo alisema kweli, maana kuna jirani aliyeibiwa mpaka sufuria iliyokuwa jikoni inachemka. Basi ziwe za kufunguka kama mlango. Kwa kufuli? Kufuli lina ufunguo, na ufunguo hupotea siku unapoutaka. Kwa komeo tupu? Mwizi atavunja kioo, apitishe mkono, alivute. Mume wangu aliondoka na swali hilo akakaa nalo karakana kwa siku kadhaa. Aliporudi alikuwa na kiboksi cha chuma cha kufunika komeo, ili mkono wa mtu aliye nje usilifikie, na wa aliye ndani uingie kwa chini na kulivuta bila shida. Alikiweka mezani mbele yangu akatoka. Nilikijaribu nikiwa nimefumba macho, tena na tena. Kilikuwa kizuri. Nilimchukia kwa sababu kilikuwa kizuri, na kwa sababu chuma cha kukitengeneza kilikuwepo karakana miaka yote ile.

Siku aliyoanza kuzikata nondo za zamani, alikuja muuza magodoro mwenye duka pale barabarani. Alitupa pole kwa adabu zote, akatueleza kwamba anahamia nyumba mpya, akazunguka mbuyu weee mpaka akafika alikokuwa anakwenda. Alikuwepo siku ile gari lilipovuta.

"Fundi, mimi nataka kama hizihizi," alisema. "Nimeona kwa macho yangu. Gari zima, na hazikutikisika."

Mume wangu akazima grenda, mashine yake ya kukatia chuma. Nilimshika yule bwana mkono nikamwingiza chumbani. Nilitaka auone ukuta. Nilitaka aione alama ya kiganja cha Babu kwenye masizi kando ya dirisha, ambayo nilikataza mtu yeyote asiifute. Aliitazama. Akatikisa kichwa, akasema maskini. Kisha akainua kidole akakipitisha polepole pale nondo mbili zilipokutana, kama mtu anayepapasa kitambaa dukani.

"Kazi safi," alisema.

Sikumpiga. Kuna watu wamepigwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Mume wangu aliingia akamuuliza ana watoto wangapi na wanalala chumba gani. Watatu, chumba cha nyuma. Akamwonyesha kiboksi na komeo lake, akalifungua, akalifunga. Muuza magodoro hakukitaka. Kinachofunguka kwa mtoto, alisema, kitafunguka kwa mwizi pia.

"Basi mimi sichomelei."

"Unakataa kazi, fundi?"

"Nenda kwa mwingine," mume wangu alisema. "Na ukifika kwake, mwambie azichomelee vibaya."

Yule bwana aliondoka akinung'unika kwamba msiba umemharibu fundi akili. Kwa mwingine alienda kweli. Nikipita kwake sasa naziona, zimepakwa rangi nyeupe, na wanawe wamezishika wakichungulia watu njiani. Jioni ya siku ile aliyokataliwa niliweka chakula mezani na sikuondoka. Tulikula pamoja.

Dada alirudi madirisha yalipokwisha kuwekwa na kuta kupakwa rangi, zote isipokuwa ile sehemu ya kiganja. Mama yake mkubwa alimfikisha mlangoni akaaga palepale. Hapendi kuingia humu, na simlaumu. Mume wangu alikuwa amenyoa ndevu. Alimweleza mtoto kila kitu kwa utaratibu, kama anamkabidhi mteja kazi: ingiza mkono chini ya kiboksi, vuta komeo, nondo zinakuja ndani, kioo kinakwenda nje. Dada akafanya mara moja tu. Akapanda, akaruka, tukasikia miguu yake ikizunguka nyumba, akaingia kwa mlango wa mbele. Nilishusha pumzi.

Kumbe Dada hakuwa amemaliza. Alirudi dirishani, akapiga magoti, akajisogeza ukutani, akanyoosha mkono juu kabisa. Vidole vyake viliishia mbali chini ya kiboksi.

"Babu hafiki," alisema.

Ningeweza kumwambia kwamba Babu hayupo. Anajua, alikuwepo makaburini. Mume wangu alichuchumaa mbele ya lile dirisha, mabega yakaanza kumtikisika, na hapo ndipo nilipolia, kwa sauti, mbele yao, na sikujali nani mtaani ananisikia. Kisha mume wangu akatoa chaki mfukoni, akaniuliza bila kugeuka.

"Mama Babu, alikuwa anafika wapi?"

Tangu msiba hakuna aliyethubutu kuniita hivyo. Sikuhitaji kufikiri. Nilisimama nimeegemea ukuta nikaweka kiganja juu kidogo ya kitovu changu, pale vidole vyake vilipokuwa vikinifikia akitaka kubebwa. Mume wangu akachora mstari ukutani kando ya mkono wangu, juu ya rangi mpya. Alienda kuleta grenda, akaukata ule mchomeleo wake mzuri, akalishusha komeo na kiboksi chake mpaka kwenye mstari.

Lipo palepale hadi leo. Dada amerefuka, na akitaka kufungua dirisha lake inambidi ainame kidogo.