Kilo Kumi na Nne

Ndugu wawili walipasuliwa wiki moja, na daktari mmoja, kupunguzwa mfuko wa chakula. Mwaka ulipokatika, mdogo, karani wa shule, alikuwa amepungua kilo hamsini na moja. Mkubwa, dada yake, fundi cherehani, alipungua kumi na nne tu, kisha mizani ikagoma.

Mama yao akawa hana wimbo mwingine. "Mwenzio anafuata masharti," alisema kila mlo. Na fundi alikuwa akila vijiko sita, akitembea kila asubuhi mpaka magoti yanawaka moto. Siku moja alitoka kuoga akamkuta mama amepekua mkoba wake wa kazi, vifungo na nyuzi vimetapakaa kitandani.

"Unatafuta nini, mama?"

"Biskuti."

Kesho yake fundi akaongozana na mama kliniki, ili akasikie kwa masikio yake. Daktari alifungua faili.

"Huyu ana kisukari mwaka wa kumi na moja sasa, na anajidunga insulini. Mdogo wake ni kijana, hana ugonjwa wowote. Miili haiitikii sawa, hata ya ndugu wa tumbo moja. Mingine hata sisi hatujui sababu. Lakini sukari imeshuka, dawa tumeikata nusu. Si haba."

"Mbona hukuniambia kabla?" fundi aliuliza.

"Nilikwambia matokeo hutofautiana."

Kweli alisema, mara moja, huku akimpa kalamu atie saini.

Walipotoka, mama akashusha pumzi. "Daktari muungwana sana. Amekusitiri."

Jumamosi fundi alifungasha vitu vyake ahamie chumba cha nyuma ya duka lake la ushonaji. Mdogo wake alikuja kumsaidia kubeba cherehani.

"Dada, nisamehe," alisema wakiwa mlangoni. "Mimi wala sijitahidi kama wewe. Juzi kazini nimekula keki vipande vitatu."

"Basi mwambie mama."

Mdogo akatazama chini. "Akikuachia wewe, atanigeukia mimi."

Fundi aliipokea cherehani mikononi mwake, akaibeba peke yake hadi ndani, akasukuma mlango kwa kisigino.

Wiki haikuisha, mteja akamletea habari: mama anawaambia majirani kwamba mwanawe mkubwa kahama ili apate kula kwa nafasi.