Shahidi wa Pili wa Kalunguta

Uligeuza uso. Jeneza la Kasonia Phinées liko uani, wewe ukasimama dukani unasoma karatasi ya sabuni kana kwamba ni Injili. Usiniambie hukusikia vilio. Tangu vita viingie, Butembo nzima imejifunza kutazama viatu vyake mpaka malori ya askari yapite.

Adèle hakutazama viatu. Alisimama nyuma ya jeneza, daftari la gazeti kwapani. Miaka tisa alimchapia Phinées gazeti: karatasi mbili tu, zilizopigwa taipureta juu ya stensili, kisha kunakiliwa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono mpaka vidole vinakuwa vyeusi. Karatasi mbili, lakini makanali walizisoma kabla ya chai.

Phinées hakuandika idadi ya waliouawa. "Hesabu ni ya mayai," alizoea kusema. Aliandika majina. Na kwa Wanande jina ni kazi, maana kila mvulana wa pili kuzaliwa huitwa Kambale, na kila kilima kimejaa akina Kambale. Mwaka wa kwanza wa vita aliandika, "Kambale wa Kalunguta ameuawa," na nyumba sita zikaangua kilio siku moja. Tangu hapo akajiwekea sheria: jina, jina la baba, kilima, na mashahidi wawili wenye kutia sahihi daftarini. Bila shahidi wa pili, hakuna kuchapa.

Majuma mawili yaliyopita, askari walichoma nyumba kando ya barabara, Kalunguta. Watu kumi na mmoja wakauawa. Shahidi wa kwanza alikuwa Kavugho, mjane aliyejificha kwenye mihogo. Wa pili, Phinées alimtafuta siku nne kwa miguu, mvua ikimpiga, mbavu zake zilizovunjwa gerezani zikimuuma. Alirudi bila shahidi, na homa. Hakuinuka tena.

Sasa Eliezer, mchuuzi wa maharagwe, amesimama kumsifu.

"Tata Phinées alikuwa taa ya Butembo! Hakuogopa mutu!"

"Kweli kabisa!" watu wakaitikia.

Lori la Eliezer lilikwama Kalunguta asubuhi ile nyumba zilipochomwa, na hakuna asiyejua. Mara tatu Phinées alibisha mlangoni kwake. Mara tatu aliambiwa, "Hayuko."

Adèle akapenya kati ya viti.

"Tata Eliezer, maneno yako ni mazuri sana. Donc, tia sahihi hapa."

"Adèle! Huku ni kilio, hapana bureau ya kutia sahihi."

"Uliona ao hukuona?"

Sauti ya Eliezer ikashuka. "Mais unataka askari baniue? Niko na batoto saba."

"Kavugho alikuwa na batoto bane. Amebakia na moja."

Jokébed, dada mkubwa wa marehemu, akainua kichwa kutoka mkekani. "Eliezer, kama unaogopa, ikala basi. Hapana kumupima ndugu yangu kwa kilo sawa maharagwe yako."

Watu wakacheka, kile kicheko kibaya cha kilioni. Eliezer hakukaa. Alilichukua daftari, pengine ili tu watu wanyamaze, akaanza kusoma, kidole kikishuka polepole. Kwenye jina la sita kikagoma.

"Huyu ni kosa."

"Kosa gani?"

"Mumeandika Kambale wa Salomon. Hapana. Kambale wa Salomon ni muzima, jana nilimupita sokoni. Huyu ni Kambale wa Syauswa." Akameza mate. "Aliniwekea majiwe chini ya pneu ya gurudumu, lori itoke. Nilimuambia, ngoja nikupe chai. Akasema, kwanza tumalize."

Wabeba jeneza walikuwa wameshainama. Wakabaki hivyo hivyo, mikono kwenye mbao. Adèle akafuta jina la Salomon, akaandika Syauswa, akamrudishia Eliezer kalamu. Akaishika, ncha juu ya mstari, bado hajaandika.

Na wewe? Mlikuwa abiria zaidi ya thelathini nyuma ya lori lile la Eliezer. Chini ya mstari wake kuna mistari mingine, mitupu. Weka chini hiyo sabuni. Ua huu uko nyuma ya soko, mlango wa bati, na Adèle ameshafungua daftari. Usimsubiri Eliezer. Njoo leo, njoo sasa hivi, utaje ulichokiona, na uwe unamjua baba wa kila mmoja.