Majibu Yaliyoambiwa Yasubiri

Jibu la kwanza lilikuja ofisini Jumatatu asubuhi, Fundi akiwa anafuta makombo ya mkate kwenye kibodi. Lilikuwa mwanamume wa makamo, shati lake limepigwa pasi upande mmoja tu. Dada wa mapokezi alimpa kitambulisho cha mgeni akamleta mpaka mezani.

"Kitanda kipo," alisema mgeni, kisha akavuta kiti akakaa.

Fundi ndiye aliyeandika programu inayoongoza magari ya wagonjwa ya jiji zima, na jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu hiyo. Gari likishampakia mgonjwa, programu iliziuliza hospitali zote kwa mpigo kama zina nafasi, bila kungoja hii ijibu ndipo imuulize jirani yake. Kuuliza kulikuwa na mbio kweli. Shida ilikuwa kupokea. Dereva hakuambiwa aelekee wapi mpaka hospitali ya mwisho iwe imejibu. Fundi alitaka jibu la kwanza la ndiyo litoshe, gari liondoke. Mkurugenzi alikataa. Hospitali zote ni washirika wetu, alisema, na hataki kusikia mshirika analalamika kwamba amerukwa. Fundi alinung'unika chini kwa chini, akaandika alivyoagizwa.

Basi magari yakawa yanasimama kando ya barabara, taa zinazunguka, yakingoja hospitali ambayo mtandao wake umelala.

Kufikia Ijumaa majibu, mapya na ya zamani, yalikuwa yamejaa mpaka kwenye ngazi. Walikuwa watu wastaarabu, kila mmoja na lake: kitanda kipo, daktari yuko tayari, mleteni mlango wa nyuma. Mama wa usafi aliwaomba wainue miguu apige deki. Mkurugenzi aliagiza viti vya plastiki, na viti vilipoisha akaagiza mikeka.

Fundi alipita katikati yao akitafuta jibu moja. Alilikuta dirishani: mwanamke aliyevaa sare ya mkunga, mkononi ana blanketi la mtoto, jipya, halijakunjuliwa.

"Chumba cha kujifungulia kiko wazi," alisema mkunga.

"Najua," alisema Fundi.

Mdogo wake alikata roho mwaka jana ndani ya gari la wagonjwa lililosimama likingoja, mbele ya duka la magodoro, yeye na mtoto aliyekuwa tumboni. Fundi alimshika mkunga mkono, akampeleka kwa mama yao.

Mama alikuwa anakunja nguo. Alisogeza rundo, mgeni akapata pa kukaa kwenye kochi, naye mama akausikiliza ujumbe mpaka mwisho.

"Ahsante, mwanangu. Mbona umechelewa hivi?"

"Sikuchelewa, mama. Siku ile mimi ndiye niliyetangulia kujibu. Nikaambiwa nisubiri wenzangu."

"Uliambiwa na nani?"

Mkunga alimtazama Fundi, bila chuki yoyote, kama unavyomtazama mtu aliyekufungulia mlango.

Mama alimaliza kukunja shuka aliyokuwa ameishika. "Wewe ulijua?"

"Niliagizwa, mama."

"Sikukuuliza hilo."

Siku iliyofuata kazini Fundi aliufuta ule mstari wa programu ulioagiza kusubiri. Magari yalikwenda moja kwa moja kwenye hospitali iliyotangulia kujibu, na siku nzima hakuna jibu jipya lililopanda ngazi. Jioni mshirika mmoja akapiga simu kulalamika. Mkurugenzi aliurudisha mstari kwa mkono wake mwenyewe, akamhamishia Fundi kwenye kazi nyingine: programu ya kuwapangia wageni mahali pa kukaa. Ghorofa ya juu ikafunguliwa kwa ajili yao. Ina feni na madirisha makubwa, na hakuna aliyelalamika.

Mkunga hakurudi ofisini. Mama alimpa chumba cha marehemu, na sasa wanafua pamoja na kuanika pamoja. Fundi huja Jumapili, akasimama mlangoni, akampa mama shikamoo.

Anayeitikia ni mkunga.