Mtoto Ana Mchango

Jumamosi asubuhi, majirani wa Maisaka wakiwa wanaanika mahindi, Vailet alimfungua mwanawe nepi akaikuta safi kama alivyoifunga. Mtoto alikuwa amezaliwa Alhamisi na hajapata choo hata kidogo. Usiku alitapika kijani. Tumbo lilikuwa limejaa na kukaza, na Vailet alipomwachia kidogo ili achukue nepi nyingine, mtoto aliinuka kutoka kwenye godoro akaenda kuelea usawa wa dirisha.

"Mama, anapaa," alisema Vailet.

Mama mkwe wake, Bibi Paskalina, aliyeshuka kutoka Mbulu kuja kumhudumia mzazi, alitoka jikoni na mwiko wa uji mkononi. Alimvuta mjukuu wake kwa mguu, akamfunga kanga kiunoni, na ncha ya pili akaifunga kwenye kitanda.

"Ni mchango huo," alisema. "Akipata dawa atashuka." Akarudi kukoroga uji.

Xavery, baba wa mtoto, alikuwa mtu wa kushirikisha watu. Aliandika kwenye grupu la jumuiya: "Tumsifu Yesu Kristo. Mtoto wetu ana mchango. Tushirikiane." Yeye alimaanisha ule mchango wa tumbo, ambao wazee huusingizia kila mtoto mchanga akilia. Grupu likasoma mchango wa kadi na bahasha. Jamani, watu wa Babati hawawezi kuona neno hilo wakatulia! Uji haujaiva, mwenyekiti wa kamati amepatikana, naye ni Melkiadi, na kamati ndogo ya chakula imeshaanza kununiana na kamati ndogo ya mapambo.

Melkiadi alikuwa anakodisha viti vya sherehe. Alifika na kirikuu, kile kigari chake cha mizigo, imejaa viti vya plastiki, turubai na spika.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba, baba. Viti vya nini?"

"Si vya mchango?"

"Mchango uko tumboni, Melkiadi."

Melkiadi alitazama juu, akamwona mtoto akigongagonga dari taratibu. Alianza kushusha viti ili gari liende hospitali.

Hospitalini, muuguzi aitwaye Sista Kindness alimweka mtoto kwenye mzani. Mshale ukarudi nyuma ya sifuri, naye akaandika hivyo hivyo. Alimpitishia mpira mwembamba puani hadi tumboni, yakatoka maji ya kijani na hewa nyingi, na mtoto akashuka mpaka usawa wa kifua.

"Mama, huu si mchango," alimwambia Vailet. "Utumbo umeziba. Anatakiwa kupasuliwa. Hapa kwetu hakuna daktari wa kupasua tumbo dogo hivi, yuko Arusha. Asipofika leo mtampoteza."

Vailet hakuwa amelia mtoto alipopaa. Sasa alilia, akamshika mtoto kisigino na kugoma kumwachia.

"Gari la wagonjwa je?" aliuliza Xavery.

"Limepeleka wageni ziwani kuangalia viboko."

Basi kirikuu ikawa gari la wagonjwa. Vailet alikaa nyuma kwenye kiti kimoja cha plastiki kilichosahaulika, ameshika kanga kwa mikono miwili. Sista Kindness alipanda na dripu, baada ya kumvalisha mtoto masweta mawili na kofia tatu, maana juu kuna baridi. Kamati ikabaki inapunga mikono. Upepo ulikuwa unashuka kutoka mlima Kwaraa, mzuri sana, na mtoto akatangulia mbele ya gari akalivuta. Pale Magugu walilipita basi la abiria, na abiria wakalalamika kwa dereva wao.

Walipofika Minjingu, trafiki aliwasimamisha.

"Mbona mtoto hajakaa?"

"Hakai, afande."

Trafiki alipanda akaikagua kanga. "Kazeni hilo fundo," alisema, akawaruhusu.

Arusha, Daktari Aniceti alimfunga mtoto kwenye meza ya upasuaji kwa bandeji, akaukata utumbo pale ulipoziba na kuunganisha sehemu mbili nzima. Mtoto alitoka akiwa mzito kama watoto wengine. Wiki iliyofuata Melkiadi aliandika kwenye grupu: "Choo kimepatikana." Mara hii hakuna aliyeuliza kinajengwa wapi. Akina mama walipiga vigelegele barabarani, na Bibi Paskalina, ambaye si mtu wa kucheka ovyo, alicheka mpaka akakaa chini.

Habari ikawafikia wakubwa. Mmoja alikuja hospitalini Babati kutoa pongezi, na Melkiadi akaleta viti. Mkubwa alisema amefurahishwa na ubunifu wa wananchi. Alisema kulikuwa na mpango wa kumsomesha daktari wa kupasua watoto wachanga, lakini sasa imethibitika kwamba watoto hao wanasafiri wenyewe, tena bila mafuta. Kwa hiyo dari ya wodi ya wazazi ingefungwa kulabu. Watu walipiga makofi, na soda zilitosha. Kulabu zilifungwa kabla ya mwezi kuisha, imara kabisa.

Mtoto wa kwanza kufungwa hapo alitoka Nangara, wa kike, tumbo limekaza, anatapika kijani. Mama yake anaitwa Tunu. Amekaa kwenye benchi chini ya mwanawe, shingo imemuuma kwa kuangalia juu. Sista Kindness ameshapitisha mpira na kutundika dripu. Ametoka nje kutazama migomba, amerudi, ametoka tena.

"Tunaondoka saa ngapi, Sista?" Tunu aliuliza.

"Tunasubiri upepo."

Tunu alitazama dirishani. Hakuna jani lililotikisika. Alichukua kipande cha boksi kilichokuwa chini ya benchi, akasimama, akaanza kupepea.