Embe Linaimba na Nani

"Embe," ubao ukasema. "Embe linaimba na nani?"

Hakuna mtoto aliyeinuka. Ubao mjanja ulikuwa umewaka ukutani, embe la njano limekaa juu, na chini yake jembe, kiti na samaki vikisubiri kuguswa. Kabla ya masika, swali hilo lingeangusha madawati. Watoto wangekimbilia mbele wakisukumana, na Mwalimu Asnath angepanua mikono kuwazuia wasiukumbatie ubao wote. Sasa walikaa mikono mapajani, macho sakafuni.

"Salimu, njoo uguse."

Salimu akatikisa kichwa.

"Hujui embe linaimba na nani?"

"Najua, mwalimu."

"Basi njoo."

"Mama kasema tusimjibu."

Ubao haukuwa na habari hiyo. Ulisubiri kidogo kama ulivyozoea kumsubiri mtoto mzito, kisha ukasema kwa upole, kwa sauti ya kitoto yenye mkwaruzo mdogo wa kicheko: "Usiogope. Jaribu."

Pendo, aliyekaa dawati la mbele, akaanza kulia. Asnath akauzima ubao, na darasa zima likashusha pumzi.

Sauti ile ilikuwa ya Mwanaidi, binti wa mzee Awadhi, aliyekuwa akikaa dawati moja na Pendo. Homa ilimshika wakati mvua zimepamba moto. Pikipiki iliyombeba kumpeleka hospitali ilikwama kwenye tope la njia ya Kabuku, na wanaume walipomaliza kuikwamua, mtoto alikuwa ameshanyamaza mgongoni mwa mama yake. Walirudi naye kijijini Mazingara kwa miguu, wakamzika kabla ya magharibi.

Ubao ulikuja na wafadhili, pamoja na sola na betri zake, na mchezo mmoja wa kufundishia maneno yenye vina. Wafadhili walipiga picha, wakala kuku, wakaondoka. Mashine wakaiacha na sauti ya mwanamke aliyetamka Kiswahili kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Kila akisema "maneno yenye vina vinavyofanana", watoto walicheka mpaka wakaanguka, na vina vyenyewe vikapita juu ya vichwa vyao. Asnath alipogundua kwamba sauti hiyo inaweza kufutwa na kurekodiwa nyingine, alijaribu ya kwake. Yeye ni Msambaa, kwao Manundu mjini Korogwe, na sauti yake ilitoka kavu, ya kutoa matangazo. Watoto hawakucheka, ila hawakuinuka pia.

Mwanaidi ndiye aliyeufungua mlango. Siku moja alisikiliza embe, akasikiliza jembe, akasema, "Mwalimu, haya yanaimba pamoja." Basi vina vikaacha kuitwa vina. Ng'ombe akaimba na kikombe, mbuzi akaimba na mchuzi, na mtoto aliyekosa aliambiwa neno lake linaimba peke yake. Asnath akampa kipaza sauti, akamkalisha juu ya meza, na kwa siku chache wakarekodi mchezo wote: maswali, majina ya vitu, "Usiogope, jaribu" kwa mwenye kukosa, na "Hapo sawa! Tena!" kwa mwenye kupatia. Hiyo "Tena!" Mwanaidi aliisema huku akirusha miguu. Ukisikiliza vizuri ungesikia kisigino kikigonga meza.

Halafu ndiyo msiba. Jumatatu iliyofuata mazishi, Asnath aliingia darasani, akili haiko sawa, akawasha ubao kwa mazoea ya mkono. "Hamjambo, darasa la awali!" Mwanaidi akawasalimia. Watoto walitoka mlangoni na madirishani, na kabla ya saa sita Mazingara yote ilikuwa na habari. Kule hata mtoto mdogo anafundishwa: sauti ya aliyekufa ikikuita, huitikii. Ukiitikia, umekubali kufuata. Na mchezo ule, jamani, wote ulikuwa wa kuitika.

"Futa," alisema Mwalimu Habakuki siku hiyo Salimu alipokataa. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu wa maneno machache na chai nyingi. "Darasa lilikuwa limejaa, leo nimeona nusu. Wiki ijayo utafundisha madawati."

"Nitafuta, mwalimu."

"Umeniambia hivyo tangu mwezi uliopita."

"Betri ilikuwa..."

"Asnath." Akaweka kikombe chini. "Betri nzima. Jumatatu nataka mashine iwe na sauti nyingine. Ukishindwa, nitafuta mwenyewe, na mimi sijui kuitumia, nitafuta mpaka na saa yake."

Alitaka Asnath acheke, naye akajitahidi kucheka. Ila alijua asichoweza kumwambia mkuu wake wala mtu yeyote. Kila jioni, watoto wakishaondoka, alikuwa akifunga mlango wa darasa, anawasha ubao, anagusa jembe. Hapo sawa! Tena! Anagusa kikombe. Hapo sawa! Tena! Hakuwa na mtoto wa kumzaa, na alimpenda Mwanaidi kwa namna ambayo mwalimu hatakiwi kumpenda mwanafunzi mmoja kati ya wengi. Wala hakuona kosa kuendelea kumsikia. Kwao Manundu picha ya kaka yake Enock, aliyefariki kijana, bado imening'inia sebuleni juu ya redio, na mama yao huifuta vumbi kila Jumapili kabla ya kwenda kanisani. Kwao ndivyo marehemu anavyotunzwa. Kumfuta kabisa ingekuwa kumzika mara ya pili, na safari hii kwa mkono wake.

Jumamosi ilikuwa arobaini ya mtoto. Asnath alifunga kitenge, akabeba kilo mbili za sukari, akaenda kwa mzee Awadhi akiwa na neno lake moyoni: awaombe wazazi ruhusa sauti ibaki. Aliona wazazi wakikubali, mkuu atanyamaza.

Hitima ilisomwa, wali ukaliwa, kisha wanawake wakakusanyika uani, maana sehemu ya mwisho ilikuwa yao. Shangazi wa marehemu, mwanamke mnene asiye na haraka, alitandika mkeka na kumwaga juu yake vitu vya Mwanaidi. Havikuwa vingi. Katika ukoo ule, vitu vya marehemu havilali ndani baada ya arobaini. Vinagawiwa, na kila anayepewa anakwenda kuvitumia, si kuviweka. Gauni la Idi lilikwenda kwa binamu. Sare ilikwenda kwa mtoto wa jirani aliyekuwa bado hajaanza shule. Kandambili zilivaliwa pale pale na kitoto kilichokuwa kikitambaa jana tu, zikakizidi, watu wakacheka na kufuta macho kwa mkono huo huo.

"Mwalimu," shangazi akaita, na kumpa kikombe cha bati ambacho Mwanaidi alikuwa akinywea uji shuleni.

Asnath akakipokea kwa mikono miwili. Kwenye ukingo kulikuwa na alama za meno madogo. Hakuomba tena ruhusa aliyoijia.

Alipoaga, mama wa marehemu, Mwanaisha, aliinuka kumsindikiza. Alikuwa mwanamke mdogo kuliko Asnath, na mwezi ule ulikuwa umemmaliza mashavu. Walitembea mpaka penye mashina ya muhogo, mwisho wa shamba.

"Mwalimu, ni kweli anaongea?"

"Ni kweli, Mama Mwanaidi. Nilimrekodi akiwa hai. Ni yeye."

"Wanasema huwa unafunga mlango."

Asnath akakihamisha kikombe mkono wa pili.

"Unamsikiliza?"

"Ndiyo."

"Kila siku?"

"Kila siku." Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Nisamehe. Nampenda."

Mwanaisha alisimama. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza. "Mimi nimemzaa. Leo nimetoa gauni lake, nimetoa kandambili, hata kile kitana chenye nywele zake kimechukuliwa na nimesema asanteni. Nyumbani kwangu hakuna kitu. Wewe umebaki naye, umemfungia mlango. Kwa sababu gani? Wewe ni nani yake?"

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Asnath, aliyeutamka msemo huo misibani mara nyingi kama watu wanavyosema pole, aliusikia safari hii ukimwingia. Akalia pale njiani. Mwanaisha hakumbembeleza. Alingoja amalize.

"Jumatatu nitamfuta," Asnath akasema.

"Nani kakwambia ufute?" Mwanaisha akashangaa kweli. "Kitu cha marehemu hakitupwi. Na wewe gawa, kama sisi tulivyogawa. Nitakuja."

Jumapili baada ya ibada Asnath alikaa na simu mkononi. Kumhamishia Mwanaidi kwenye simu hiyo lilikuwa jambo dogo, la waya mmoja, na hakuna ambaye angejua. Alifika hadi mlango wa darasa na waya wake. Alisimama pale akikumbuka kile kikombe cha bati, ambacho asubuhi alikuwa amekinywea chai na chai ikawa chungu kwa sababu ya kulia. Akarudi nyumbani bila kufungua.

Jumatatu Mwanaisha alikuja kweli, na kwa kuwa yeye alikuja, kina mama wengine nao walikuja na watoto wao, wakasimama dirishani kwa tahadhari. Darasa likajaa. Mwalimu Habakuki alisogea na chai yake mpaka mlangoni.

Asnath akawasha ubao.

"Hamjambo, darasa la awali!"

Watoto wakarudi nyuma. Mwanaisha alishika dawati. Alikuwa hajamsikia mwanawe tangu njia ya Kabuku, na kule mtoto hakuwa akisema chochote cha kueleweka. Alipiga hatua mbele taratibu, kama mtu anayemkaribia ndege.

"Embe," ubao ukasema. "Embe linaimba na nani?"

Dirishani mtu akanong'ona, "Usimjibu."

"Na jembe, mwanangu," Mwanaisha akajibu, akagusa.

"Hapo sawa! Tena!" Na kile kisigino kikagonga meza.

Mwanaisha akaachia sauti ambayo haikuwa kilio wala kicheko. Akagusa tena. Na tena. Hakuna aliyemharakisha. Alipomaliza alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akageukia watoto.

"Mmeona? Nimemjibu, na nipo. Haya, mwenzenu alikuwa na maneno. Njooni mgawane."

Asnath akaeleza: kila mmoja atachukua neno moja, alisikilize mara ya mwisho, halafu alirekodi yeye. Akishalirekodi, la Mwanaidi halitakuwepo tena. Watoto hawakuhitaji kuambiwa mara mbili, walikuwa wameona kandambili zikivaliwa. Pendo alichukua "embe". Sabiri akachukua "linaimba na nani", akalisema kwa haraka kama anayekimbizwa, wakamwachia hivyo hivyo. Kikombe kikaenda, ng'ombe akaenda, mbuzi na mchuzi wake wakaenda kwa mapacha waliogombana nani awe mchuzi. Hata kina mama dirishani walicheka hapo. Salimu akachukua "Hapo sawa!" Kila kidoti chekundu cha kurekodi kilipowaka na kuzimika, Asnath alihisi kitu kikitoka mkononi mwake, na hakuweza kusema kama anapoteza au anatoa. Aliumia. Aliendelea kushika waya wa kipaza sauti.

Mwishowe likabaki neno moja.

"Hili ni lako, Mama Mwanaidi," akasema. "Tena."

Mwanaisha akapokea kipaza sauti kwa mikono miwili. Kidoti kikawaka. Akafungua kinywa, na kinywa kikabaki wazi. Akavuta pumzi ndefu, akaitoa. Nje kuku akalia, mbali kidogo mtu alikuwa akitwanga. Kidoti kikazimika.

"Turudie," Asnath akanong'ona. "Hakuna kilichoingia ila pumzi."

Mwanaisha akakiweka kipaza sauti mezani. "Acha hivyo hivyo."

Kina mama wakaondoka dirishani mmojammoja. Mwalimu Habakuki akatazama ndani ya kikombe chake kitupu, akaondoka pia. Mwanaisha alikuwa ameshafika mlangoni Salimu alipoinuka bila kuitwa, akaenda mbele.

"Embe," ubao ukasema kwa sauti ya Pendo. "Linaimba na nani?" ukauliza kwa sauti ya Sabiri.

Salimu akagusa jembe.

"Hapo sawa!" ukasema kwa sauti yake mwenyewe, na akashtuka, akacheka.

Kisha ikaja ile pumzi, ndefu, na kuku kwa mbali, na mtu anayetwanga. Mwanaisha akasimama mlangoni, hakugeuka. Ubao ukanyamaza, embe la njano bado limekaa juu, na Asnath akajikuta amekishika kile kikombe cha bati, alichokuja nacho asubuhi, kwa mikono yote miwili.

Kutoka madawati ya nyuma mtoto mmoja, hakujulikana nani, akasema polepole:

"Tena."